Usiku mmoja juu ya Ziwa Kivu



Tangu boti Merdi ilipozama mbele ya bandari ya Kituku kule Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, kila mkutano wa siku ya posho mnatuuliza swali moja: ndiyo boti ile ninyi mlipanda na wale watoto? Hapana. Merdi ilitoka Minova, safari fupi ya mchana. Sisi tulipanda boti kubwa ya usiku, ile iliyokuwa ikitoka Goma jioni na kufika Bukavu asubuhi. Lakini siku ile, tuliposikia habari kwa redio, sisi pia tulishika simu na mikono ikatetemeka, kwa sababu nkambo na wajukuu wake wanaishi Bukavu na mara kwa mara wanavuka ziwa lile lile. Tulipiga tangu mchana mpaka jua likazama. Simu yao ilikuwa imezimika tu, umeme ulikatika kwenye avenyu yao. Walikuwa nyumbani.

Basi tumeona afadhali tuandike safari yetu yote vile ilivyokuwa, kwa wale wasioijua, na kwa wale wenye ndugu kule Kivu ambao siku moja watapaswa kupita njia hiyo.

Ilikuwa Julai 2019, shule zimefungwa. Tulikuwa watano. Wawili ni wa chama: mmoja ni mwalimu wa darasa la tatu, mwingine ndiye anayetunza kesi ya likelemba, na ninyi mnatujua sote wawili. Wa tatu ni nkambo, mama mwenye miaka karibu sabini, Mushi wa upande wa Bukavu. Wa nne na wa tano ni wajukuu wake, msichana wa miaka kumi na mvulana wa miaka sita. Mama yao alikufa siku ya kumzaa yule mdogo. Baba yao alikuja Kolwezi kuchimba kwa mikono, kama vijana wengi wa Kivu, na nkambo akamfuata ili amlelee watoto. Mwaka 2018 shimo lilimfunika. Asubuhi ile hakuna mtu aliyekuwa na orodha ya walioingia chini. Watu walihesabu kandambili zilizobaki kwenye mdomo wa shimo. Nkambo alitambua za mtoto wake kwa sababu kamba moja alikuwa ameishona yeye mwenyewe kwa uzi wa buluu.

Alivumilia mwaka mmoja. Halafu ikaja tarehe 27 Juni 2019, ajali ya KOV, wachimbaji zaidi ya 40 wakafa, na kwenye kartie yetu kilio kilikuwa nyumba hii na nyumba ile. Nkambo akasema: mimi narudi kwetu na hawa watoto, udongo wa hapa unakula watu. Chama kikachanga. Na kwa kuwa hakuweza kusafiri peke yake na watoto wawili na mizigo, tukatumwa sisi.

Njia ya kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi mnaijua, kilomita 300 na kitu, lami na maroli. Kutoka Lubumbashi tulipanda ndege mpaka Goma. Nkambo alishangaa kwamba ilikwisha haraka hivyo. Yeye alikuja kwa njia ya wazee: boti ya Ziwa Tanganyika kutoka Uvira mpaka Kalemie, halafu treni, karibu mwezi mzima njiani pamoja na kungoja. Mtauliza kwa nini hatukuendelea na ndege mpaka Bukavu. Ni hesabu ya kesi. Boti ya usiku ilikuwa bei ndogo, na tena ilikupa mahali pa kulala. Usiku ule hulipi chumba cha mtu. Kwa wamama watatu na watoto wawili, hiyo si kitu kidogo.

Watoto wa Kolwezi wanajua udongo mwekundu, ule unaoharibu soksi nyeupe za shule. Goma udongo ni mweusi. Mlima wa moto, Nyiragongo, ulimwaga moto ndani ya mji tarehe 17 Januari 2002, na mawe yaliyoganda ndiyo watu wanajengea kuta za parseli zao leo. Mvulana aliokota jiwe moja, jepesi kama mkate mkavu, akalitia mfukoni. Mizigo yetu ilibebwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, mpaka bandarini.

Bandarini kuna meza nyingi. Kila meza ina mtu wake na kila mtu ana karatasi yake ya kulipisha. Tusiseme mengi, mtunza kesi alidai risiti kila mahali, na pale alipokosa risiti hakulipa. Ebola ilikuwa imefika Goma katika Julai ile ile, kwa hiyo kila abiria alinawa mikono kwa maji yenye klori, na kijana mmoja akatuelekezea kipima joto kwenye paji la uso. Mvulana alifikiri ni bunduki, akajificha ndani ya kikwembe cha nkambo.

Meza ya mwisho, karibu na ngazi ya kupandia, ndiyo ya karani wa boti. Alikuwa na daftari la mistari kama ya shule. Alipokea tikiti zetu, akaandika jina la kila mmoja wetu sisi wawili, akaandika jina la nkambo, na mbele yake akatia alama ya kujumlisha na 2. Basi. Akasema: wanaofuata.

Mwalimu wetu huita majina kila asubuhi, watoto 54, na haanzi somo kabla kila mmoja hajaitika. Aliona ile alama akasimama. "Baba karani, hawa wana majina." Karani akajibu kwamba watoto hawalipi bei kamili, kwa hiyo hawaandikwi. Nyuma yetu watu wakaanza kunung'unika. Mwanaume mmoja mwenye gunia la viazi akasema wamama wa Katanga wana maneno mengi. Tuwaambie ukweli: tulikuwa tayari kuacha. Mizigo ilikuwa mizito, watu wanatutazama, tuliona haya.

Nkambo ndiye aliyekataa kuondoka. Yeye hakusoma. Alisogea karibu na meza akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, baba ya hawa aliingia chini ya udongo bila kuandikwa. Nilimtambua kwa kandambili. Hawa uwaandike." Karani aliinua macho, akawatazama watoto, akauliza majina yao. Akayaandika pole pole, jina la kwanza na la ukoo, na mwalimu akamsahihisha herufi moja. Yule mwenye viazi alinyamaza. Alipofika mezani, tulisikia na yeye anataja jina la mtoto aliyekuwa naye.

Wakati ule tulifanya hivyo kwa sababu ya nkambo tu. Ni baadaye mwalimu aliposoma habari za meli nyingine za usiku ndipo tulielewa zaidi. MV Bukoba ya Tanzania ilikuwa ikilala njiani juu ya Ziwa Victoria, kutoka Bukoba mpaka Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ilipinduka ikiwa karibu kufika. Orodha ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, la watu kama sisi, halikuwa na orodha. Mpaka leo hesabu ya waliokufa ni mamia mengi, na wengine wanafikisha elfu moja. Tena Spice Islander, iliyokuwa ikitoka kisiwa cha Unguja kwenda kisiwa cha Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Nafasi yake ilikuwa ya abiria 645. Waliookolewa peke yao walikaribia 620. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, kisha uchunguzi wa serikali ukasema kuna wengine zaidi ya elfu moja ambao hawakuonekana tena. Na Merdi yetu hii: gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani walikuwamo 278 na waliokufa ni 78; upande wa Kivu ya Kaskazini walihesabu maiti 34. Mtu ambaye hakuandikwa, hata kifo chake kinakuwa mabishano.

Turudi kwenye boti. Ilikuwa na sakafu tatu. Chini kabisa ni mizigo: viazi, maharagwe, kabichi, na jibini za Masisi, mviringo kama sahani, ambazo harufu yake ilipanda mpaka kwetu. Katikati ni viti na mabenchi, televizheni inayoonyesha filamu za Nigeria, na mama mmoja anayeuza chai. Juu kuna vyumba vyenye vitanda kwa wenye uwezo. Sisi tulikaa katikati. Tulitandika vikwembe chini ya benchi, watoto wakalala hapo, na sisi tukaegemeana. Wenye kuzoea walikuja na blanketi. Sisi tulidhani ziwa ni joto! Goma iko juu kama Kolwezi, na baridi ya Julai juu ya maji inazidi ile ya Nzilo asubuhi. Mwenye kwenda, abebe blanketi na soksi.

Tulikula wali, maharagwe na sambaza za kukaanga. Sambaza ni samaki wadogo, wembamba kama kidole. Zamani ziwa Kivu halikuwa nao. Walitolewa Tanganyika wakatiwa humo mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio chakula cha kila nyumba. Msichana aliuliza bukari iko wapi. Mama wa chai akacheka, akasema wao wanaiita fufu, na imekwisha.

Boti ilipoondoka tulitoka nje kuaga Goma. Nyuma ya taa za mji, juu sana, mawingu yalikuwa mekundu. Ilikuwa ni moto wa Nyiragongo unaomulika kutoka ndani ya mlima. Mvulana akasema: "Kule kuna usine." Alizaliwa Kolwezi, kwake anga lenye mwanga usiku ni kampuni. Hatukucheka sana.

Baadaye kidogo tukapita wavuvi. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanaweka taa, samaki wanafuata mwanga. Walikuwa wanaimba pamoja, mmoja anaanza na wengine wanajibu, na sauti ilibaki masikioni hata taa zao zilipokuwa ndogo. Nkambo alikuwa akisonga midomo pamoja nao. Hakuwa ameusikia wimbo ule tangu aondoke kwao.

Halafu upande wa kushoto likaja giza zito, zito kuliko usiku wenyewe, na vitaa vichache hapa na pale. Ni kisiwa cha Idjwi. Kina kilomita za mraba kama 340. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, kinashindwa na Ukerewe tu. Boti yetu haikusimama, lakini jirani yetu kwenye benchi alikuwa mama wa kule, muuza mananasi, naye alituonyesha kwa kidole mahali nyumba yake ilipo, ingawa hatukuona kitu. Alituambia kwamba vita vya miaka yote hii havikuingia kwao kama vilivyoingia ng'ambo, na watu walikimbilia huko. Lakini wajane ni wengi hata hivyo. Wanaume walikuwa wakivusha kahawa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda ili wapate bei nzuri, na upepo ukawapindua, mwaka baada ya mwaka. "Mtumbwi hauna karani," alisema. Alikuwa ametuona kule mezani. Kisha akakata nanasi moja akawapa watoto, akakataa falanga zetu.

Mvulana akauliza chini ni mbali kiasi gani. Mwalimu akamwambia: mahali pengine mita 480. Shimine ya Gécamines kule Lubumbashi ina mita kama 150. Zisimamishe tatu, moja juu ya nyingine, maji yatazifunika zote. Halikuwa jibu zuri la kumpa mtoto usiku. Hakulala tena.

Ilikuwa kama saa saba usiku upepo ulipoanza. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini unapiga ziwa hili kwa nguvu, na boti inayokwenda Bukavu inaupokea usoni. Kwanza vikombe viliteleza. Kisha watu wakaanza kutapika, na mifuko ya plastiki haikutosha. Televizheni ilizimwa. Mwanamke mmoja akaanza sala kwa sauti, wengine wakamfuata, na mtu akamwambia anyamaze maana anawaogopesha watoto.

Tulikumbuka jile, zile koti za rangi ya machungwa zinazomfanya mtu aelee. Tulikuwa tumeziona wakati wa kupanda, ndani ya sanduku la mbao ukutani, lakini sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo. Mtunza kesi alimwendea kijana wa boti. Kijana akasema zinafungwa kwa sababu abiria wanaziiba wakishuka. Ni kweli labda. Lakini usiku kama ule, nani atafungua mafundo yale gizani? Walibishana. Mwishoni akatoa kisu, akakata kamba, akatupa tatu. Tulikuwa watano.

Hapo ndipo tuliogopa kwa kweli, si kwa mawimbi, ila kwa sababu ya kugawa. Mbili tukawavika watoto. Zilikuwa za watu wazima, zilimfika mvulana magotini, tukazikaza kiunoni kwa vipande vya kikwembe. Ya tatu tukampa nkambo, akairudisha. Akasema ampewe yule mwenye watoto wachanga Kolwezi, na huyo ni mtunza kesi. Mtunza kesi akakataa. Jile ikakaa kwenye benchi kati yetu, hakuna anayeigusa. Mpaka leo hatujui tungefanya nini.

Nkambo alikuwa amejifunga na mvulana kwa kikwembe, kama mtoto wa mgongoni. Yule kijana wa boti alirudi, akaona, akachuchumaa mbele yake akasema kwa heshima: "Mama, mfungue. Akianguka na jile ataelea. Ukiwa umefungwa naye, mtavutana chini." Nkambo alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua fundo. Alimshika mkono tu, mpaka asubuhi.

Upepo ulipungua karibu saa kumi. Watu walianza kuongea tena, na mama wa chai akawasha jiko lake. Hakuna aliyeumia. Kwa watu wa boti ulikuwa usiku wa kawaida, na walituambia hivyo.

Bukavu ukiifikia alfajiri kwa maji ni nzuri kupita tulivyotazamia. Mji umekaa juu ya ndimi za nchi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, na nyumba zimepanda vilima mpaka kwenye ukungu. Nkambo alianza kutaja mahali: pale Muhumba, kule Kadutu. Wakati wa kushuka hakuna aliyefungua daftari la karani kuona kama wote walioingia wametoka. Watu walisukumana na mizigo yao, basi.

Lakini msichana alikuwa na lake. Usiku, kabla ya upepo, alikuwa amenakili majina yetu matano kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hesabu. Alitusimamisha kando ya magunia, akaanza kuita kama mwalimu. Tuliitika mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wake, mvulana alikuwa amelala mgongoni mwa mtunza kesi, na sisi tukaitika kwa ajili yake. Msichana akakataa. Akasema lazima aamke aitike mwenyewe. Tukamwamsha, akaitika akilia, akatiwa alama.

Tulikaa Bukavu siku nne. Tulirudi Goma kwa boti ya mchana, ile ya haraka, tukala chakula cha safari ya kesi yote, na mtunza kesi aliwapa hesabu yake mwezi wa nane, hatutarudia hapa.

Wenye safari mwaka huu, sikieni. Mtoto aandikwe kwa jina lake, hata kama mnachelewesha watu. Kabla boti haijaondoka, mpige foto tikiti zenu na mzitume nyumbani pamoja na jina la boti, maana wale wa Goma siku ya Merdi walikimbia ufukweni wakiuliza hata boti yenyewe ni ipi. Ulizeni jile ziko wapi kabla ya giza, na kama zimefungwa, semeni mapema. Msimfunge mtoto kwenye mwili wenu. Na mkiona boti imejaa mpaka ngazi, laleni Goma. Mwalimu anaweza kupoteza siku moja, na muuza sambaza pia.

Wakati wa ajali ya Merdi yule msichana alikuwa na miaka kumi na tano. Siku ile ya Oktoba simu yao ilipopata umeme, aliona tumepiga mara ishirini na moja. Ni yeye aliyetupigia. Hakusalimu, hakungoja tuulize. Alisema tu: "Mwalimu, tuko wote watatu," akataja jina la nkambo, la mdogo wake, na lake.